Mwamba mgeni na mwamba mwenyeji katika milima ya Ankole

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu, katika somo la Tafsiri, aya moja kutoka kitabu cha jiografia cha sekondari. Aya yenyewe ilikuwa fupi, sentensi saba tu, nayo ilieleza jinsi mwamba ulioyeyuka unavyopenya katika miamba mikongwe iliyo chini ya ardhi na kuibadilisha. Nilidhani ni zoezi la nusu saa. Tulikaa nalo wiki tatu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina la ule mwamba unaopenywa. Wanajiolojia wanaotumia Kiingereza huuita kwa jina ambalo, ukilifasiri neno kwa neno, linakuwa "mwamba wa nchi". Karatasi nyingi ziliandika hivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja alikwenda mbali zaidi akaandika "mwamba wa taifa", kana kwamba una bendera na wimbo wake. Darasa lilicheka, nami nilicheka. Kicheko changu kilikoma nilipojiuliza mimi mwenyewe ningeandika nini, kwani sikuwa na jibu.

Baada ya kipindi mwanafunzi mmoja wa kike, mzaliwa wa Isingiro, alinifuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Mwalimu, ile habari ya miamba kwetu si ya kitabuni."

Alinieleza kuwa mjomba wake alikuwa mchimbaji mdogo wa bati. Msimu mmoja wa mvua, ukuta wa shimo walimokuwa wakichimba uliteleza ukamfunika hadi kiunoni. Alitolewa akiwa hai, lakini mguu mmoja haukupona sawasawa. Jambo lililomshangaza mjomba, na ambalo amekuwa akilisimulia tangu siku ile, ni kwamba ukuta wa pili wa shimo lile lile, hatua tatu tu kutoka hapo, haukuteremsha hata kokoto. "Anasema ule ulioanguka uliteleza kama kurasa za daftari. Mwalimu, ni kwa nini upande mmoja tu?"

Nilimwambia sijui. Kesho yake nilimwendea mwenzangu anayefundisha jiolojia hapa Makerere, nikamwomba anieleze kwa maneno ambayo mtu wa lugha anaweza kuyabeba. Alinichorea ubaoni kwa saa mbili. Haya yafuatayo ni yale niliyoyashika, na kama kuna kosa basi kosa ni la mwanafunzi, si la mwalimu wake.

Tuanze na familia tatu za miamba, ambazo msomaji atazikumbuka kutoka shuleni. Ipo miamba iliyotokana na moto, yaani iliyowahi kuyeyuka kisha ikapoa. Ipo miamba ya mashapo, iliyotokana na mchanga na tope vilivyotulia chini ya maji na kushindiliwa. Ya tatu ni miamba geu, ile ambayo ilikuwa ya namna moja ikageuzwa na joto na mgandamizo ikawa namna nyingine, bila kuyeyuka. Hapo penye "bila kuyeyuka" ndipo wanafunzi wengi huteleza. Mwamba geu hubadilika ungali mgumu, kama tofali mbichi linavyogeuka tofali la kuchoma: hakuna kilichomwagika, lakini kinachotoka tanurini si udongo tena.

Mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Ukishatoka nje kwa njia ya volkano, Kiswahili kina neno lake zuri, zaha, ingawa wengi siku hizi husema lava. Katika habari hii hatuna volkano hata moja. Mambo yote yalitendeka chini, kilomita kadhaa kutoka juu ya ardhi, gizani, wala hakuna mtu wala mnyama aliyekuwapo kushuhudia.

Sasa twende Ankole. Zaidi ya miaka milioni 1,375 iliyopita, sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na Karagwe nchini Tanzania ilikuwa bonde pana lililojaa maji. Mito ilimwaga humo mchanga na tope, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa maelfu ya mita. Tope lilishindiliwa likawa mwamba wa tabaka nyembamba, mchanga ukagandamana. Baadaye ardhi ilibanwa kutoka pande mbili, tabaka zile zikakunjwa kama mkeka unaosukumwa ukutani. Kwa mkunjo huo na joto la kina, tope likageuka kuwa mwamba wenye kurasa nyembamba zinazometameta, na mchanga ukageuka kuwa kwatzaiti, mwamba mweupe mgumu ambao nyundo huurudisha mkono. Huyo ndiye mwenyeji wetu. Wanajiolojia wa kikoloni waliliona jambo hili mapema: A. D. Combe wa idara ya uchunguzi wa jiolojia iliyokuwa Entebbe alichapisha kitabu kizima juu ya miamba ya kusini magharibi mwa Ankole mwaka 1932. Mfumo huo wa miamba mpaka leo unabeba majina mawili ya nchi jirani, Karagwe na Ankole. Mipaka ya kisiasa ilichorwa juu yake bila kuuliza.

Mgeni hakuja mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na Mbelgiji Luc Tack, ulipima umri wa miamba ya ukanda huu na kuonyesha kuwa kundi kubwa la magma lilipanda takribani miaka milioni 1,375 iliyopita, na kundi jingine, la mwisho, likafika takribani miaka milioni 986 iliyopita, wakati mwenyeji alikuwa ameshakunjwa na kugeuzwa. Kati ya makundi hayo mawili kuna karibu miaka milioni 390. Hicho ni kipindi kirefu kuliko muda wote ambao viumbe wenye miguu minne wametembea juu ya nchi kavu. Tukisema "kisha magma ikaja tena", neno hilo "kisha" linabeba mzigo usio wa kawaida.

Je, huyu mgeni alitoka wapi? Nilidhani angetoka kilindini kabisa, karibu na kiini cha dunia. Mwenzangu alitikisa kichwa. Magma ya matale ya Ankole, alisema, ilitokana kwa sehemu kubwa na kuyeyuka kwa miamba ya gamba la dunia lenyewe, ikiwamo miamba ya mashapo ya zamani iliyokuwa imezama chini zaidi, mahali penye joto la kutosha. Kwa hiyo mgeni aliyegonga mlango alikuwa ndugu wa mwenyeji, wa ukoo mmoja, ila aliyepitia moto. (Itale, wingi wake matale, ni ule mwamba mgumu wa madoadoa unaoonekana kwenye ngazi za benki na makaburi ya wenye fedha. Neno limo kamusini tangu zamani. Sijui kwa nini tunang'ang'ania "graniti".)

Magma ni nyepesi kuliko mwamba mgumu unaoizunguka, ndiyo maana hupanda. Inapopanda hujitafutia nafasi kwa njia kadhaa. Inaweza kuinua mwenyeji juu kama mto unavyoinua shuka, tabaka zikawa kuba. Inaweza pia kupita kwenye nyufa na kati ya kurasa za mwamba, ikaacha mishipa. Tena inaweza kubomoa vipande vya dari la mwenyeji, vikatumbukia ndani yake na kubaki humo kama mateka. Ukitazama jabali la itale ukaona kipande cheusi chenye kingo kali katikati ya madoadoa, yaelekea ni mateka wa aina hiyo.

Wanafunzi wangu wengi waliandika kwamba magma "inavamia". Nililitafakari neno hilo nikaliona lina vumbi la vita. Magma haina haraka. Hufuata penye udhaifu, husubiri ufa ufunguke, huingia kidogo kidogo. Tukakubaliana juu ya kitenzi "kujipenyeza". Mzee mmoja wa idara yetu alipinga, akisema mtu anayejipenyeza ni mwizi. Labda.

Baada ya kuingia, magma huanza kupoa, na kwa kuwa imefunikwa na blanketi la mwamba nene la kilomita kadhaa, kupoa kwenyewe huchukua mamia ya maelfu ya miaka na zaidi. Kwa sababu ya upole huo, fuwele zake hupata nafasi ya kukua hadi zinaonekana kwa macho: felspa nyeupe au za waridi, kwatzi ya rangi ya kioo chenye moshi, na ulanga unaong'aa. Ulanga ni neno jingine tulilo nalo tangu zamani. Wajerumani waliuchimba katika milima ya Uluguru, na watu wa huko hawakuhitaji Kilatini kuutaja.

Na mwenyeji je? Hapa naomba msomaji afikirie tanuri la matofali, kama yale yanayofuka moshi kandokando ya barabara tukitoka Kampala kuelekea Wakiso. Mnunuzi mzoefu wa matofali hachukui ya pembeni. Anajua kuwa yaliyokuwa karibu na moto yameiva, yamekuwa mekundu sana, pengine yameungua hadi kuwa meusi na kushikamana; ya katikati ni mazuri; ya nje kabisa yakinyeshewa mvua mbili yanarudi kuwa udongo. Udongo ulikuwa mmoja, kilichotofautiana ni umbali kutoka motoni. Vivyo hivyo mwamba mwenyeji ulio karibu kabisa na matale umeoka sana: madini yake ya zamani yametoweka, mapya yameota, kurasa zake zimejaa ulanga mkubwa, na mahali pengine zimechipuka garneti nyekundu ndogondogo. Ukienda mbali kidogo, mabadiliko yanapungua. Ukienda mbali zaidi unakuta mwamba ule ule wa tope kuukuu ambao haukusikia joto la mgeni. Mwanajiolojia anayetembea mlimani na nyundo yake anaweza kukuambia "itale liko karibu" kabla hajaliona, kwa kutazama tu jinsi mwenyeji alivyoiva.

Mtu wa pwani angesema hapa: mgeni aje, mwenyeji apone. Huku Ankole mgeni alikuja na mwenyeji akaungua, ingawa mgeni hakuja mikono mitupu.

Magma inapoganda, madini ya kawaida hujifunga kwanza katika fuwele. Vitu visivyopata nafasi humo hubaki katika majimaji ya mwisho, moto na yenye shinikizo kubwa: maji, boroni, florini, na pamoja navyo metali adimu kama bati na wolframu. Majimaji hayo hutoka pembeni mwa itale na kupenya katika nyufa za mwenyeji, kisha hupoa na kuacha mishipa ya kwatzi nyeupe. Katika mishipa hiyo, aghalabu kwenye kingo zake zilizojaa ulanga wa rangi ya fedha, hukaa kasiteriti, madini meusi au ya kahawia ambayo ndiyo mama wa bati. Ni mazito karibu mara saba kuliko maji, ilhali kwatzi haifikii mara tatu. Kwa sababu hiyo mchimbaji mwenye karai na kijito anaweza kuyatenganisha: mchanga mwepesi huondoka na maji, kasiteriti hubaki chini.

Bati la Ankole lilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na mgodi wa Mwirasandu ukawa mkubwa kuliko yote ya bati nchini Uganda. Kikagati, ng'ambo ya Mto Kagera kutoka Murongo ya Tanzania, nako palichimbwa. Na upande wa pili, Kyerwa, Watanzania huchimba bati la ukanda ule ule. Oktoba 1985 mpango wa Baraza la Kimataifa la Bati wa kushikilia bei ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote, na migodi mingi ikabaki mashimo. Walioendelea kuchimba ni watu wa karai na sururu. (Hapa nitachomeka jambo la kilugha: mabati tunayoezekea nyumba si bati, ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la kweli huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, kiasi kwamba paa la bati tupu lingekuwa hatari jikoni.)

Umbo la nchi nalo ni kazi ya mgeni huyu, ingawa kwa njia ya kinyume. Ukitoka Mbarara kwa barabara ya Kikagati unapita Masha, uwanda mpana wenye ng'ombe na migomba, uliozungukwa na kuta za milima. Mtu angedhani kuwa matale, kwa ugumu wake, ndiyo yaliyounda ile milima, na uwanda ni mwamba laini. Mambo ni kinyume chake. Itale liko chini ya uwanda. Milima ni mwenyeji. Zamani palikuwa na kuba, mgeni akiwa ameinua dari. Mvua na mito vilikula dari hilo kwa mamilioni ya miaka hadi vikamfikia mgeni mwenyewe. Katika nchi yenye mvua na joto kama yetu, felspa iliyomo ndani ya itale huoza ikawa udongo mweupe, na jabali zima huvunjika kuwa mchanga. Kwatzaiti ya mwenyeji haiozi. Karibu yote ni kwatzi. Basi mgeni akaliwa haraka akawa shimo, na mwenyeji akabaki amesimama pande zote kama watu wanaotazama mchezo wa mieleka. Wanajiografia huyaita mabonde haya kwa neno la Kilatini lenye maana ya uwanja wa mapambano. Mimi napendekeza "uwanja wa Masha" tu, kwani "uwanja" linatosha.

Msomaji aliyefika Mwanza au Soroti atauliza: mbona huko matale ndiyo yamesimama, majabali juu ya majabali? Mwenzangu alijibu kwa kifupi kuwa maji huoza itale kupitia nyufa. Penye nyufa nyingi palioza na kuoshwa; penye nyufa chache pakabaki jabali. Isitoshe huko hakukuwa na ukuta wa kwatzaiti wa kushindana naye. Ugumu, alisema, hupimwa kwa jirani.

Sasa nirudi kwa mjomba wa mwanafunzi wangu. Mchimbaji mdogo hufuata mshipa wa kwatzi kwa sababu bati limo humo, na mshipa upo ndani ya mwamba mwenyeji, karibu na mpaka wake na itale, yaani pale hasa ambapo mwenyeji ameiva na kurasa zake zimejaa ulanga. Kurasa hizo hazikulala sawa. Zimeinama upande mmoja, tuseme kuelekea mashariki. Chimba shimo lenye kuta wima katika mwamba wa namna hiyo. Kwenye ukuta wa magharibi, kurasa zinashuka kuelekea ndani ya shimo, na ukishaondoa mwamba uliokuwa ukizizuia kwa chini, hazina cha kuegemea. Kwenye ukuta wa mashariki zinashuka kwenda mbali na shimo, zikilalia mlima wenyewe. Mvua inyeshe, maji yaingie kati ya kurasa, ulanga ulowe uwe kama sabuni. Ukuta mmoja utateleza na wa pili utasimama, hata kama mwamba ni mmoja na mchimbaji ni mmoja.

Nilimwita mwanafunzi wangu nikamchorea kama nilivyochorewa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo wangetazama kurasa zinainamia wapi, wangejua ukuta wa kuwekea magogo." Nikamwambia ndivyo nilivyoelewa. Akauliza kama jambo hilo limeandikwa mahali. Nilimwambia limeandikwa, tena vizuri, katika vitabu vya Kiingereza ambavyo bei yake ni mshahara wa miezi. Mjomba anasoma Kirunyankore na Kiswahili alichojifunza mgodini, kwani katika mashimo yale walikuwamo Wakongo, Wanyarwanda, watu wa Karagwe na vijana kutoka Nakivale, na hapakuwa na lugha nyingine ya kuambiana "toka, ukuta unakuja".

Mwaka 2022 Uganda ilipata Sheria ya Madini inayomtambua mchimbaji mdogo na kumpa leseni yake. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mambo hayo mawili bado hayajakutana ndani ya shimo.

Aya ile ya sentensi saba tuliirudia. Tuliandika "mwamba mwenyeji" na "mwamba mgeni", tukaandika "kujipenyeza", na ule ukanda ulioiva kando ya matale tukauita "ukanda wa tanuri". Mwanafunzi wangu ameanza kuandika karatasi ya kurasa mbili, yenye michoro, kuhusu namna ya kutazama mwinamo wa kurasa kabla ya kuchimba. Atakwenda nayo nyumbani likizo hii, na ameniomba niisahihishe Kiswahili tu; miamba atasahihishiwa na mwenzangu.

Bado neno moja limetushinda, nalo ni lile la hali ya mwamba kuwa na kurasa. "Ukurasa" wenyewe ni wa kitabu, "tabaka" tumeshalitoa kwa mashapo, "magamba" yana samaki. Wachimbaji bila shaka wanalo neno lao, na binti ameahidi kumuuliza mjomba. Kwa sasa, msomaji mwenye pendekezo aliandike kwenye kipande cha karatasi na kukitia katika kisanduku changu pale idarani kabla ya kufunga muhula.